Lori la Namba Tasa

Jumanne moja, baada ya chai ya saa nne, Ilhan alimaliza kuandika fanksheni yake kwenye tableti ya shule, akabonyeza, na mbuzi wa nyanya yake waliokuwa wakipita nje ya dirisha la darasa wakaacha kutimua vumbi.

Walikuwa bado wanatembea. Kwato zilienda mbele na nyuma kama kawaida, ila zilikuwa zinakanyaga hewa, shubiri moja kutoka chini. Beberu wa mbele alisimama kula karatasi iliyonasa kwenye ua, akaona shingo yake haimtoshi, akapiga magoti hewani akala.

Ayanle, aliyekaa dawati la nyuma, aliwatazama.

"Mbuzi wako wamepanda," alimwambia Ilhan. "Wangu mbona hapana?"

"Hujafunga mabano."

Ayanle akatazama tableti yake. Kweli alikuwa hajafunga.

Mwalimu Najib alikuwa ametoka Garissa mjini kuja kufundisha Modogashe, pale barabara ya Garissa na ya Isiolo zinapokutana. Alifundisha vizuri. Alikuwa amewaambia kwamba fanksheni ni mtu unayemtuma. Unampa jina, unamwonyesha kazi mara moja tu, halafu kila ukimwita kwa jina lake anaenda. Humwelezi tena. Wewe unatia kitu kwenye mabano, yeye anakuletea jibu. Walikuwa wameshaandika ya kujumlisha, ya kugawanya, na moja ambayo Ilhan aliipenda kwa vile ilileta mabaki tu. Ya siku hiyo ilikuwa ya namba tasa. Inachukua namba, inaigawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, inakwenda hivyo mpaka karibu na namba yenyewe. Ikipata inayogawa bila kuacha baki, inajibu Hapana. Ikikosa kabisa, inajibu Ndiyo. Namba hiyo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Jaribuni na kitu cha nyumbani," Mwalimu Najib alisema. "Mbuzi wenu, kwa mfano. Andikeni wako wangapi."

Vidole viliacha kuandika. Mwalimu alikuwa mtu wa mjini, alikuwa amesahau. Modogashe mbuzi hawahesabiwi. Mtu anawajua kwa sura, kwa rangi, kwa mkato wa sikio, na kwa mama zao. Kuwahesabu ni kuita jicho, na jicho likiitwa linakuja. Ilhan hakutaka kumwaibisha mwalimu, na hakutaka kumharibia nyanya yake. Kwenye mabano hakutia namba. Aliandika kama anavyomwita nyanya yake: mbuzi wa Ayeyo.

Shule nyingine, tableti ingetoa maandishi mekundu. Hii ilikaa kimya kidogo, kama mtu anayekumbuka jina la jirani wa zamani, halafu ikajibu Ndiyo.

Mwalimu Najib alienda dirishani akaangalia.

"Hiyo ni aina ya data sijawafundisha bado," alisema, akarudi ubaoni akaiongeza.

Jioni Ilhan alimkuta Ayeyo Abshiro akikama. Ayeyo alikuwa amesimama wima, hakuinama hata kidogo, na alionekana kupendezwa na jambo hilo.

"Umewahesabu?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, Ayeyo. Nimeuliza tu kama wanagawanyika."

"Ikasemaje?"

"Hawagawanyiki."

"Ikasema wako wangapi?"

"Haisemi. Inasema ndiyo ama hapana, basi."

Ayeyo alikama mpaka mwisho. Akafunika maziwa.

"Kifaa chenye adabu," alisema.

Kufika Ijumaa mji wote ulikuwa unataka. Watu walikuja shuleni na kofia mkononi, wakamngoja Ilhan atoke darasani. Yeye hakuchoka. Kila alipobonyeza moyo ulimruka, kwa sababu kabla ya jibu kutoka kulikuwa na ule ukimya mdogo, na ndani ya ukimya ule lolote lingeweza kuwa. Mbuzi wa kinyozi, Hapana. Ngamia wa Billow, Ndiyo. Kundi la mzee Dekow lilikuwa kubwa, na kadiri namba ilivyokuwa kubwa ndivyo kundi lilivyopanda. Mbuzi wa Dekow walipita juu ya mabati ya maduka, na mchungaji wao akawafuata akiwa na kamba ndefu, akitukana taratibu.

Na fanksheni haikulala. Mbuzi akizaa usiku, kundi lilishuka, na mwenyewe akiamka alifurahi kupata mwanambuzi na kusikitika hapo hapo. Wengine walisaidiana. Mjane mmoja alikuwa na mbuzi mmoja wa ziada mwenye tabia nzuri, akawa anamwazima: leo kwa huyu ili kundi lake lipande, kesho kwa yule. Salamu zilibadilika. Watu walisalimiana, nabad, nabad, halafu wakaulizana, "Wako juu?" Kupe walipungua. Nyua za miiba zilishushwa, maana hazikuzuia tena kitu. Vijana walikaa nje ya duka la miraa wakibishana ni kundi la nani litapaa likizaa, na hakuna hata mmoja aliyetaja namba, lakini kila mtu kichwani alikuwa anagawanya. Mwalimu Najib alisema hajawahi kuona mji unaofanya hesabu namna hiyo bila kuhesabu.

Ilhan alienda mbele. Aligundua fanksheni moja inaweza kuita nyingine, na jambo hilo lilimfurahisha hata akashindwa kukaa, akamaliza somo akiwa amesimama. Aliandika ya pili inayoiita ile ya kwanza. Inatuma namba, halafu inatuma namba iliyoruka moja mbele yake, na zote mbili zikijibiwa Ndiyo, inazileta pamoja. Zikaanza kushuka kwenye kioo: tatu na tano, tano na saba, kumi na moja na kumi na tatu. Zilikaa ubavu kwa ubavu na shufwa moja tu katikati, namba inayogawanyika kwa mbili, kama nyumba mbili zenye kichochoro.

"Zinaitwa pacha," Mwalimu Najib alisema nyuma yake.

"Zinaishia wapi?"

"Namba tasa zenyewe haziishi, hilo lilithibitishwa zamani. Pacha, hakuna anayejua."

"Hapa Kenya?"

"Duniani."

Jioni hiyo Ilhan hakula. Ayeyo alimshika paji la uso akakuta hana homa.

"Ayeyo, kuna kitu hakuna mtu anakijua," alisema.

"Viko vingi."

"Hiki nakitaka mimi."

 Barua ya Gredi ya Kumi ilikuwa imeshakuja, shule ya wasichana Garissa, na mbuzi wa kwenda nayo walikuwa wameshajulikana. Siku Ilhan alipozaliwa na kukatwa kitovu, babu yake alimpa mbuzi jike, kama anavyopewa kila mtoto. Uzao wa yule mbuzi ulikuwa wake, hata Ayeyo hakuugusa bila kumwomba. Sasa Ayeyo alikuwa ametenga watatu. Wa baka jeusi alikuwa wa karo. Mweupe alikuwa wa sanduku na godoro. Wa masikio marefu alikuwa wa jambo lisilojulikana, maana siku zote liko jambo lisilojulikana.

Kilichobaki ni kuwafikisha Garissa, na hapo ndipo palikuwa na neno.

Mbuzi wa Modogashe walikwenda soko la Garissa kwa lori la Warsame, wa watu mbalimbali wakiwa wamechanganyika. Katikati ya safari barabara inateremka kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji, na ukingoni mwa laga palikuwa na kizuizi cha kamba. Watu wa kizuizi walivaa aproni za kijani na walijiita Kamati ya Usafi wa Mifugo. Hakuna aliyekumbuka nani aliwachagua. Mkubwa wao, Bare, alipanda nyuma ya lori, akawashika mbuzi meno na kwato, akashuka, na lori likaondoka. Garissa mtu akimkosa mbuzi wake, Warsame alisema, "Barabara imemla." Watu walisema inna lillahi, wakaenda kunywa chai. Kwa vile hakuna aliyehesabu, hakuna aliyejua barabara ilikula kiasi gani.

Warsame ndiye alitaka lori lake lipae, kwa ajili ya matairi. Ilhan, aliyemwita Abti, yaani mjomba, akaandika kwenye mabano: mbuzi walio kwenye lori la Abti Warsame. Siku ya soko walipakia kwa njia mpya. Walipandisha mbuzi mmoja mmoja mpaka lori likainuka, hapo wakafunga mlango wa nyuma. Lilikwenda vizuri, mashimo yakapita chini yake kama habari za watu wengine. Lilifika kizuizini likiwa juu. Bare alipanda, akashuka, na lori likakaa chini puu. Likaenda hivyo mpaka Garissa, likigonga kila shimo.

Wiki iliyofuata likafanya vilevile. Na iliyofuata pia.

Wazee walikwenda kumwona Bare kwa gari la Dekow.

"Lori linashuka hapa kwako," Dekow alisema.

"Hapa ni mahali pazito, adeer," Bare alisema, akimwita ami. "Hata mimi nikilala hapa naota nimebeba mawe."

Wazee walikubali kwamba ziko sehemu nzito. Lakini hawakuridhika, wakazungumza mpaka alasiri, na mwisho wakapatana. Lori likifika Garissa likiwa linapaa, mzigo umetimia na hakuna wa kumuuliza Bare neno. Likifika likiwa chini, Bare atalipa. Bare alikubali mara moja. Fatiha ikasomwa, mikono ikapakwa usoni, na mji ukarudi kwenye furaha yake.

Ilhan na Ayeyo walisafiri wiki hiyo hiyo. Mwalimu Najib alimwachia Ilhan tableti awaonyeshe wa Garissa kazi yake. Asubuhi walipandisha mbuzi. Wale watatu walitangulia, halafu wa wengine, mmoja mmoja, watu wakiwa wamezunguka lori na kushika pumzi kila kwato zilipogusa ubao. Mmoja, kimya. Mwingine, kimya. Ayanle alimsukuma mbuzi wa mama yake, na lori likaondoka chini kwa mlio mdogo wa springi, na watoto wote wakapiga makofi kama mvua juu ya bati.

"Nikumbuke huko," Ayanle alisema. "Ukijua pacha zinaisha wapi, nitumie meseji."

"Huna simu."

"Tuma kwa Mwalimu."

Ilhan alikaa mbele, kati ya Warsame na Ayeyo. Hakuwahi kwenda kasi namna hiyo. Nyika ilipita kimya, swala twiga waliacha kula wakawaangalia, na Warsame akiendesha kwa kidole kimoja alisimulia kwamba sasa analala nyumbani siku ya soko, jambo ambalo mkewe hajalizoea. Ilhan alicheka peke yake mara kadhaa. Alikuwa anafikiria shule yenye maktaba, na ukimya mdogo kabla ya jibu.

Kizuizini Bare aliwasalimia vizuri, akamuuliza Ayeyo hali ya maji Modogashe. Akapanda nyuma.

Ilhan alitazama kwa kioo cha pembeni. Bare alishika meno, akashika kwato. Alimshusha mbuzi wa baka jeusi, na lori likakaa chini. Bare alisimama akafikiri, hakuwa na haraka. Kisha akamshusha na mweupe. Lori likainuka.

Halikufika pale lilipokuwa. Lilikuwa chini kidogo ya mwanzo, kama mtu aliyejirekebisha kwenye kiti. Lakini lilikuwa juu, upepo ulipita chini yake, na kivuli chake kilikuwa kimejitenga nalo.

Ilhan alishika ukingo wa dirisha. Hakujua namba ya kwanza wala ya pili, na hakutaka kuzijua, lakini alijua alichokiona. Zilikuwa pacha. Alikuwa amepita juu ya moja akashukia nyingine, na katikati, kwa dakika ile Bare alipokuwa anafikiri, alikuwa amekaa kwenye kichochoro. Alitaka kumwambia mtu. Kisha akamkumbuka mbuzi wa karo.

"Wale wawili ni wangu, adeer," alimwambia Bare, kichwa kikiwa nje ya dirisha.

"Wapi?"

"Umewashika."

Bare aliwaangalia mbuzi, kisha akainama akapitisha mkono chini ya tairi la lori, kwenye nafasi iliyo wazi.

"Lori linapaa, abaayo, dada yangu. Kilichotimia kimetimia. Si mlisoma fatiha wenyewe?"

"Zamani ulikuwa unachukua mmoja," Ayeyo alisema.

"Zamani, habo," Bare alisema kwa heshima, kama kwa mama yake mdogo. "Mmoja sasa anaonekana."

Akashusha kamba. Warsame akaondoa lori, akaendesha kwa mikono miwili mpaka Garissa, na wakafika sokoni wakiwa wanapaa. Madalali walioona walisema mzigo wa Modogashe umekamilika. Mmoja alimpigia simu mzee Dekow kumpa habari hiyo njema, na Dekow akasema alhamdulillahi.

Shuleni karani alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Istahil. Alimsikiliza Ayeyo mpaka mwisho, akaitazama tableti, akasema kazi hii ni nzuri sana na walimu wa hesabu wataipenda. Lakini karo ni karo. Bila karo msichana hawezi kuingia muhula huu. Kwa kitu kidogo angeweza kumshikia nafasi mpaka muhula ujao. Ayeyo alirudi sokoni akamuuza mbuzi wa masikio marefu, akaleta. Hivyo jambo lisilojulikana likajulikana.

Kurudi, lori lilikuwa tupu. Ayeyo alitaka upepo, kwa hiyo alikaa nyuma na Ilhan, juu ya gunia, wakishika kingo. Lori lilikwenda chini, likiruka kila shimo. Warsame alikuwa peke yake mbele na hakuimba.

Kizuizini palikuwa na lori jingine, la wafanyabiashara wa Liboi, na watu wanne watano kwenye kibanda cha chai. Nyuma ya kibanda Bare alikuwa na zizi, ua wa miiba mrefu kupita kichwa cha mtu. Ilhan aliuangalia. Akafungua tableti, akaandika kwenye mabano: mbuzi wa Bare.

Ukimya ulikuwa mrefu kuliko wote aliowahi kuungoja. 

Ndiyo.

Kundi likapanda kutoka nyuma ya ua. Lilipita miiba, likapita kibanda, likapita miti ya migunga, na bado lilikuwa linatoka, na lilipopata mahali pake lilitulia huko juu, likafunika jua la alasiri kama wingu la mwezi wa nne. Watu wa chai waliinua vichwa. Kila sikio lilionekana dhidi ya anga, na kwenye kila sikio mkato. Mikato ya Modogashe ilikuwepo, na ya Liboi, na mingine ya mbali hadi Lafey.

"Yule wa mikato miwili ni wangu," mtu wa Liboi alisema.

"Amenona," mwenzake akasema.

"Amenona kweli. Niliambiwa barabara imemla."

"Na yule kahawia wa mjomba wako."

"Ndiye."

Wakamalizia chai. Bare alitoka kwenye kivuli, akaweka mkono juu ya macho, akawaangalia mbuzi kwa muda. Inaelekea hata yeye hakuwahi kuwaona wote pamoja.

"Nimewatunza," alisema.

Hakuna aliyebisha hilo. Mtu wa Liboi aliuliza kama kuna mahali hapa mtu anaweza kuswali alasiri, Bare akamwonyesha, na akamletea maji ya udhu mwenyewe. Kundi lilibaki juu siku hiyo na siku zilizofuata, na kila wapya walipolishusha Bare aliuza mmoja mmoja mpaka likapanda tena. Madereva wanaotoka Modogashe walianza kulitumia kama alama: ukiliona, punguza mwendo, laga iko mbele, tayarisha wako wawili.

Ilhan aliwatafuta wa baka jeusi na mweupe mpaka akawapata. Walikuwa pamoja, pembeni, wakicheua.

"Wanaonekana vizuri," Ayeyo alisema.

"Ndiyo, Ayeyo."

"Yule mdogo wa nyumbani atakuwa mkubwa ifikapo muhula ujao. Na dada yake."

"Watapita hapa hapa."

"Barabara ni moja," Ayeyo alisema, akarekebisha mtandio wake.

Kamba ikashushwa. Lori likapita, likagonga shimo la kwanza, Ayeyo akasema astaghfirullahi na kushika kiuno. Ilhan alikuwa bado na tableti magotini. Alifikiri kidogo, akafuta maneno yaliyokuwa kwenye mabano, akaandika mengine: mimi na Ayeyo.

Jibu lilikuja upesi. Shufwa zote hujibiwa Hapana, isipokuwa ile ya kwanza kabisa.

Lori likainuka. Halikuinuka sana, unene wa kandambili tu, maana namba yenyewe ni ndogo kuliko zote za jamii yake. Lakini mashimo yalinyamaza na vumbi likabaki chini. Warsame alitoa kichwa nje akatazama nyuma, hakuona mbuzi, akarudisha kichwa, na baada ya muda kidogo akaanza kuimba.

Ayeyo alichungulia nyuma ya ubao, chini, kwenye ule mwanya mwembamba.

"Ni sisi?"

"Ni sisi."

"Imesema tuko wangapi?"

"Haijasema, Ayeyo."

"Vizuri," alisema Ayeyo, akajilaza juu ya gunia.

Ilhan alifungua ile fanksheni ya pili, ya pacha, akaiambia iendelee pale ilipoishia. Betri ilikuwa imejaa. Namba zikaanza kushuka tena, mbili mbili, na bado zilikuwa zinakuja walipofika Modogashe.